Mosin, Mauser au Lee-Enfield: ipi ya kuanzia ukitaka kufufua bunduki kuukuu ya jeshi

Anayeanza kazi ya kufufua bunduki za mtumba za jeshi huko Marekani hujikuta anachagua kati ya tatu: Mosin-Nagant ya Mrusi, Mauser 98 ya Mjerumani pamoja na ndugu zake waliotengenezwa Yugoslavia, Chekoslovakia na Uturuki, na Lee-Enfield ya Mwingereza. Zote ni za bolti, yaani kwa kila risasi unavuta mkono wa chuma nyuma kisha unausukuma mbele. Zote zilitengenezwa kwa mamilioni. Na kila moja ina wapenzi wanaokuapia kwamba nyingine mbili ni kuni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukitaka kuirudisha bunduki ilivyotoka kiwandani, chukua Lee-Enfield No. 4, toleo la Vita Kuu ya Pili. Ukitaka kuigeuza iwe ya kuwindia, yenye darubini na kitako kipya, chukua Mauser. Mosin inunue, ioshe, piga nayo shabaha, basi. Na kama mkono unakuwasha kukata mbao au kutoboa chuma, tafuta iliyokwisha kukatwa na mtu zamani. Zilizobaki nzima zinapungua kila mwaka, na hakuna kiwanda kitakachotengeneza nyingine.

Zilivyofika huko

Baada ya Vita Kuu ya Pili maghala ya Ulaya yalijaa silaha ambazo majeshi hayakuzihitaji tena. Wafanyabiashara kama Sam Cummings, mwenye kampuni ya Interarms huko Alexandria, Virginia, walizinunua kwa jumla na kuziuza kwa bei ya kutupa. Mmarekani wa miaka ya 1950 alikata kuponi gazetini, akaituma na pesa, bunduki ikaja kwa posta. Carcano ya Kiitaliano iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa hivyo hivyo, kutoka duka moja la Chicago. Sheria ya kudhibiti silaha ya 1968 ilikata biashara ya posta na kuzuia bunduki za jeshi kuingizwa nchini. Mlango ulifunguliwa tena miaka ya 1980. Muungano wa Kisovyeti ulipovunjika, Mosin zikamiminika, na hadi miaka ya 2000 mtu aliondoka dukani na moja kwa chini ya dola 100. Leo hiyo ni hadithi. Bei imepanda mara kadhaa.

Enzi ya kuponi ndiyo iliyozaa mtindo wa kugeuza. Bunduki mpya ya kuwindia ilikuwa ghali, Mauser ya vita ilikuwa rahisi, kwa hiyo watu walikata mbao ndefu, wakang'oa vilengeo vya kijeshi, wakaweka kitako cha wolnati. Katika mji mdogo wa Warsaw, Missouri, kampuni mbili, Bishop na Fajen, zilijipatia jina kwa kuchonga vitako hivyo. Bunduki iliyopitia mikono hiyo huitwa spota. Ziko nyingi, wakusanyaji hawazitaki, na ndiyo maana nazipendekeza kwa anayeanza.

Kwetu Afrika Mashariki bunduki hizi zina historia yake. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walianza vita vya 1914 wengi wakiwa na Mauser za zamani za mwaka 1871, zinazotoa moshi mzito unaomwonyesha adui mahali ulipo. Baada ya ushindi wa Tanga, Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki za Waingereza. Mwaka uliofuata meli ya Kijerumani ya Rubens ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa imebeba Mauser 98; meli ilipigwa na kuzama, risasi zikalowa, na ilibidi zifunguliwe na baruti ianikwe. Upande wa pili, KAR, askari wa Kiafrika chini ya Waingereza, walibeba Lee-Enfield mpaka Burma. Lakini burudani yenyewe ni ya Marekani na nchi nyingine chache. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hakuna nchi yetu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuweka Mauser juu ya meza ya jikoni na kuifungua skrubu kwa raha zake. Kwa hiyo yanayofuata yanamhusu zaidi anayeishi huko.

Tuanze na mbao, maana hapo ndipo tofauti kubwa ilipo

Mauser na Mosin zina mbao moja, kutoka begani hadi karibu na mdomo wa mtutu. Aliyeikata mwaka 1958 aliharibu mbao yote: kuirudisha ni kutafuta nyingine kamili. Lee-Enfield iko tofauti. Kitako ni kipande kimoja, mbao ya mbele ni kipande kingine, na juu ya mtutu kuna vifuniko vya mbao. Fundi wa nyumbani wa enzi hizo aliipitisha msumeno mbao ya mbele, akatupa vifuniko na pete za chuma, akaacha kitako, bolti na mara nyingi mtutu mzima. Leo unanunua mbao ya mbele, vifuniko viwili, pete na skrubu zake, na bunduki inasimama tena kama ilivyotoka kiwanda cha Fazakerley, cha Long Branch kule Kanada, au cha Savage kule Marekani. Za Savage zina maandishi ya "U.S. PROPERTY" ingawa ni za jeshi la Uingereza, kwa sababu zilitolewa kwa mpango wa mkopo wa silaha wakati wa vita. Usidhani umeuziwa feki.

Mbao mpya haiingii tu kama kofia. Lazima ikae imebana sehemu ya nyuma, karibu na triga, ambako nguvu ya mlipuko inapokelewa, na kwenye No. 4 ncha yake ya mbele inapaswa kuusukuma mtutu juu kwa nguvu ya paundi chache. Ikilegea nyuma, risasi zinatawanyika hata kama mtutu ni safi kabisa. Wanaojua hupaka masizi kwenye chuma, huingiza mbao, huitoa, hukwangua palipopata weusi, hurudia. Ni kazi ya jioni nyingi na patasi ndogo, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Ukinunua ile ya zamani zaidi, SMLE No. 1 Mk III ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna mtego ambao umepasua mbao nyingi. Kitako kimeshikwa na bolti ndefu ya kufungia iliyo ndani yake, si ile bolti ya kufyatulia. Unaifikia kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la bamba la nyuma, ukishatoa kipande cha ngozi kilichoziba njia. Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, na imeingia kwenye bamba dogo lililo ndani ya mbao ya mbele. Ukiizungusha huku mbao ya mbele bado iko mahali pake, ule mraba unageuka, pembe zake zinaisukuma mbao, na mbao inapasuka kwa mlio mmoja mkavu. Toa mbao ya mbele kwanza, kitako baadaye. No. 4 iliachana na muundo huo, lakini kushika utaratibu uleule hakuna hasara.

Kwa bunduki yoyote kati ya hizi, msasa uweke mbali. Mihuri ya wakaguzi iliyopigwa kwenye mbao ndiyo kitambulisho chake, na msasa unaifuta kwa dakika mbili. Bonde dogo kwenye mbao linapanda lenyewe ukilifunika kwa kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto juu yake. Mvuke unavimbisha nyuzi. Kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja. Matambara uliyofutia usiyakunje na kuyatupa pipani: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyofungamana huweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye maji.

Mosin huja imelowa kozmolini, ile grisi ya kahawia ya ghalani, nayo imeingia mpaka ndani ya mbao. Watu huifunga mbao ndani ya mfuko mweusi wa taka na kuiweka juani. Grisi inatoka jasho, unafuta, unarudia. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya Mosin, na kwa anayeanza ni shule nzuri isiyoharibu kitu.

Chuma

Hapa Mauser 98 haina mpinzani. Bolti yake ina meno mawili makubwa mbele na la tatu la akiba nyuma, na ukucha mrefu wa pembeni unaoshika kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi ganda linaporushwa nje. Bunduki nyingi za kuwindia zilizokuja baadaye zimechukua kitu kutoka kwake. Hata Springfield ya 1903 ya jeshi la Marekani ilimlazimu Mmarekani kumlipa Mauser ada. Kampuni ya John Rigby ya London ilijenga bunduki zake za safari juu ya chuma hiki, na yule mwindaji wa tembo aliyejulikana kama "Karamojo" Bell, jina alilolipata Karamoja, Uganda, alifanya kazi yake kubwa kwa Rigby Mauser ya kaliba ndogo ya 7x57.

Kwa anayegeuza kuna faida nyingine. Kitako cha risasi ya 8x57, ile ya Mauser ya Kijerumani, kina kipenyo karibu sawa na cha risasi za kuwindia za .30-06, .270 na .308. Fundi bunduki akibadilisha mtutu, bolti inabaki ileile. Lee-Enfield na Mosin zinatumia risasi zenye ukingo uliotokeza kwenye kitako, kwa hiyo njia hiyo kwao imefungwa au ni ya kulazimisha. Wahindi wa Ishapore walitengeneza Lee-Enfield ya 7.62 ya NATO miaka ya 1960, lakini kwa chuma imara zaidi. Hiyo si ruhusa ya kuigeuza Lee-Enfield yako ya kawaida, inayotumia risasi ya .303.

Tahadhari mbili za Mauser. M48 ya Yugoslavia, ambayo ndiyo wengi wanaipata kwa bei nafuu, ina mwili mfupi kidogo kuliko 98 ya kawaida. Vitako vinavyotangazwa kuwa vya "Mauser 98" havikai juu yake bila kuchongwa upya. Na Mauser nyingi za Kituruki zina mwili mpana kwa mbele kama wa 98, lakini uzi wa kufungia mtutu ni mwembamba zaidi. Ukiagiza mtutu kwa kuangalia nje tu umetupa pesa.

Lee-Enfield ina meno ya kufungia nyuma ya bolti, kwa hiyo haina nguvu za Mauser, ila bolti yake ni nyepesi kuendesha na magazini inabeba risasi 10 badala ya 5. Kitu kinachoisaidia kwenye ukarabati ni kichwa cha bolti kinachofunguka. Kwenye No. 4 kilitolewa kwa namba, kutoka 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Nafasi kati ya uso wa bolti na risasi ikizidi kwa uchakavu, kichwa kirefu zaidi kinaweza kuirekebisha. Kwa Mauser au Mosin tatizo hilohilo linaweza kukupeleka kwenye mashine ya kerezo. Nafasi hiyo ipimwe kwa geji na fundi anayejua, kabla hujafyatua hata risasi moja, hasa kama bolti na mwili vina namba tofauti.

Mosin ni ngumu kama mundu. Triga nzito, mkono wa bolti mfupi na ulionyooka, na kifungio cha usalama kinachotaka uvute kitufe cha nyuma kwa nguvu zako zote na kukizungusha. Wengi huishia kutokitumia. Zilizofanyiwa ukarabati na Wasovyeti baada ya vita mara nyingi zina sehemu za bunduki tofauti zilizopigwa namba upya, na nyingine midomo ya mitutu ilitobolewa kwa ndani kuondoa michirizi iliyochakaa. Hilo si kasoro ya kukimbia. Hupiga vizuri tu. Ukitaka Mosin yenye shabaha ya kweli, tafuta M39 ya Wafini, waliochukua miili ya Kirusi na kuivika mitutu na mbao bora. Bei yake ni nyingine, na hiyo usiikate hata nywele.

Darubini na anasa nyingine

Watu hupoteza pesa nyingi hapa. Mauser inataka kazi tatu: matundu ya kushikia darubini yatobolewe na kukatwa uzi, mkono wa bolti upindwe au ubadilishwe ili usigonge darubini, na kifungio cha usalama kiwekwe cha chini kwa sababu cha asili kinasimama wima juu. Ongeza triga ya Timney na kitako cha Boyds, umefika mahali ambapo bunduki mpya ya dukani ingekugharimu pungufu. Spota ya zamani inakuja na kazi hizo zote zimeshafanywa, na mara nyingi zimefanywa na mtu aliyekuwa na mkono mzuri.

No. 4 ina vishikio vya darubini vinavyokaa mahali pa kilengeo cha nyuma bila kutoboa chochote. Havina uthabiti wa kazi ya fundi, lakini kesho ukibadilisha mawazo unavitoa.

Mosin inataka darubini ya pembeni kama zile za walenga shabaha wa Stalingrad pamoja na mkono wa bolti uliopindwa, au darubini ndefu ya mbele juu ya mtutu. Soko limejaa za kuigiza zenye mihuri ya uongo. Kuna pia vitako vya plastiki vyenye magazini ya kuchomoa. Vinafanya kazi, sikatai, ila bunduki ya 1943 iliyovikwa plastiki nyeusi hainivutii, na ukienda kuuza hakuna atakayekurudishia bei ya hiyo plastiki. Jambo moja ambalo wageni wa Mosin hawaambiwi: vilengeo vya Mosin ya 91/30, ile ndefu ya kawaida, vilirekebishwa bunduki ikiwa na singe yake mdomoni. Ukiitoa, risasi huhama. Kabla hujalaumu mtutu, ivalishe singe upige tena.

Risasi

Risasi za Kirusi za bei ya chini zilikuwa hoja kuu ya Mosin. Marekani ilizuia vibali vipya vya kuziingiza mwaka 2021, na hoja ikafa. Sasa 7.62x54R ya Mosin, 8x57 ya Mauser na .303 ya Lee-Enfield, zote mpya, unazipata kutoka Prvi Partizan ya Serbia au Sellier & Bellot ya Czech, na hazitofautiani sana kwa maumivu ya mfuko. Risasi za 8x57 za viwanda vya Marekani hupakiwa baruti kidogo kwa kuhofia bunduki za Kijerumani za 1888 zenye tundu la mtutu jembamba zaidi, kwa hiyo usishangae zikipiga kwa upole.

Risasi za zamani za ghala, za nchi yoyote, mara nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiondoi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, siku hiyohiyo, kisha kausha, kisha mafuta. Na .303 ina adabu yake ya kupakia: ukingo wa risasi ya juu uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini, vinginevyo zinakwamana.

Sheria, kwa sisi tuliohamia

Mwenye viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi chini ya sheria ya shirikisho. Kuna misamaha michache, kama leseni halali ya uwindaji, ila usiitegemee kabla ya kuongea na mwanasheria. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, akitimiza masharti mengine ya jumla. Majimbo nayo yana yao, na California si Texas.

Bunduki yenye zaidi ya miaka 50 na ikiwa katika hali yake ya asili huhesabiwa kuwa ya kale. Leseni ya mkusanyaji inagharimu dola 30 kwa miaka 3 na inakuruhusu kuipokea nyumbani. Spota imepoteza hali ya asili, kwa hiyo kwa kawaida inapita kwa muuzaji mwenye leseni. Ndiyo sababu nyingine ya kutoikata bunduki iliyo nzima: unakata na hadhi yake. Mtutu wa bunduki usikatwe chini ya inchi 16 wala urefu wote chini ya inchi 26, maana hapo unaingia kwenye sheria ya shirikisho ya silaha ya 1934, ambayo haina mzaha.

Nyingine, kwa ufupi

Springfield 1903 ni nzuri, lakini zile za Springfield Armory zenye namba chini ya 800,000 na za Rock Island chini ya 285,507 zina historia ya chuma kilichochomwa vibaya. Hizo ni za kutundika ukutani. Mauser ya Kiswidi ya 6.5x55 hupiga vizuri ajabu na ni dhambi kuigusa. Arisaka ya Mjapani ni imara, risasi zake ni za kutafuta kwa tochi. M1 Garand inajipakia yenyewe, na hiyo ni mada nyingine kabisa.

Ukisimama mbele ya meza ya muuzaji

Tuseme umekubaliana nami na unatafuta No. 4 iliyokatwa mbao ili uirudishe. Omba ruhusa ya kuishika, hakikisha haina risasi kwenye chemba wala magazini, kwa macho na kwa kidole. Angalia kama risiva, yaani ule mwili wa chuma unaoshika bolti, umetobolewa matundu ya darubini. Matundu yanamaliza hesabu ya urejeshaji. Tazama namba kwenye mkono wa bolti na kwenye risiva kama zinafanana, na kichwa cha bolti ni namba ngapi: ikiwa tayari ni 3, huna pa kuongezea. Mulika mtutu kutoka nyuma. Weusi wa grisi unaoshwa, mashimo ya kutu hayaoshwi.

Kisha funga bolti, ingiza fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, weka alama kwa kidole, itoe, pima. Unatafuta inchi 25.2. Angalia na vile vishikio vidogo vya singe kwenye mdomo wa mtutu kama vipo, kwa sababu aliyekata mtutu aliondoka navyo. Ikipungua inchi mbili au tatu, muulize bei ya spota ya kuwindia na umlipe hiyo tu, hata akikuambia kwamba mbao zake unaweza kuagiza.